Naomba ushauri: nyumba tumelipia nusu, hati haihamishwi, usingizi umekata

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa pili mimi na mke wangu tulikubaliana na mzee mmoja kununua nyumba yake Kigamboni. Tulifanya upekuzi wa hati ardhi, ikaonekana safi, tukalipa nusu. Nyingine hati ikishahamishwa. Leo ni mwezi wa nane.

Kwanza tulisubiri uthamini. Ikaja kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza nyumba, ambayo ni ya muuzaji kulipa, akawa anatupiga kalenda. Juzi wakili wetu kagundua mke wa mzee hajasaini ridhaa, na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya ndoa haiuzwi bila yeye. Simlaumu huyo mama, ni haki yake.

Ila usiku silali. Vyombo viko kwenye maboksi tangu Juni, kodi ya hapa inaisha mwisho wa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Na mke wangu, ambaye hatukuwa watu wa kugombana, sasa tunanuniana kwa vitu vidogo.

Mliopitia haya, mlituliaje? Na je, nimpe mzee muda wa mwisho kwa maandishi, au nidai pesa yangu?