Injini imefungwa upya, siku ya kuwasha inagoma: tupeane uzoefu

Mwami_wa_Ujiji: Nimepita gereji moja Mwanga hapa Kigoma leo, kijana anapiga stata, injini inazunguka tu, haishiki. Mwenye gari kakaa kwenye tairi bovu, kashika tama. Mliowahi kushusha injini njooni hapa.

UtingoMstaafu: Usinikumbushe mkuu. Narudi.

MamaWawili_Kasulu: Yangu Liteace, injini ya petroli 5K. Kila stata inapiga risasi kwenye kabureta, paa! Fundi kabadili plagi, kabadili koili, hela inatoka kwangu. Mzee mmoja mstaafu wa reli akamwambia, toa plagi ya silinda namba moja, ziba tundu kwa kidole, zungusha krenki kwa spana. Upepo ukisukuma kidole, ndipo utazame alama ya puli. Kumbe alama ile inafika juu mara 2 distributa (inayogawa moto kwa plagi) ikizunguka mara moja, na fundi alikamata ile isiyo ya kompresheni, yaani silinda haibani hewa. Plagi inachoma wakati valvu inafunguka, isipige risasi kwa nini? Akageuza distributa, akapanga waya 1-3-4-2, ikashika palepale.

DizeliDamu: Ndiyo maana petroli siigusi.

MamaWawili_Kasulu: Nyie mnaolala Uvinza mkipampu hewa itoke kwenye dizeli?

DizeliDamu: Hewa unalegeza nati za paipu kwenye noseli, unapiga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, unakaza. Dada usitutishe.

UtingoMstaafu: Haya. Fuso la tajiri yangu, pampu imetoka kupimwa, kabini imelazwa mbele, propela shafti (inayopeleka nguvu matairi ya nyuma) imeshushwa chini, klina ya hewa bado haijafungwa. Fundi kagusisha stata kwa bisibisi, ikawaka mara moja. Tukapiga makofi. Sauti ikaanza kupanda yenyewe. Fundi anavuta waya wa kuzimia, wapi, raki ya pampu, ile inayopima dizeli, imenasa. Kijana kang'oa waya wa betri, sijui alidhani ni redio. Moshi mweusi mpaka hatuonani, injini inalia kama king'ora, mafundi wengine wanaruka ukuta. Tajiri alikimbia na ufunguo mkononi.

Jirani kuna mama ntilie anakata migebuka. Fundi kampokonya kibao, samaki chini, akakibandika kwenye mdomo wa manifoldi, pale injini inapovutia hewa, na kukiegemea kwa kifua. Kibao kilinyonywa pwaa, injini ikakohoa, ikazima. Jinsi kulivyokuwa kimya, tulisikia mafuta ya mama yakikaanga.

Gungu_Boy: 😂😂 migebuka ililipwa?

UtingoMstaafu: Ililipwa na kibao kipya juu.

FundiKaliua: Msicheke, ikinyimwa hewa ndiyo inazima. Ila msitumie kitambaa wala mkono, vinamezwa. Gari ambalo propela shafti imefungwa, tia gia kubwa, kanyaga breki, achia klachi.

MamaWawili_Kasulu: Mimi ningekimbia na tajiri.

FundiKaliua: Na kabla ya kuwasha, kata moto injini isishike, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Beringi mpya zikianza kavu unarudi kwangu mwezi huohuo.

DizeliDamu: Halafu unaiacha silensa, bila kukanyaga mafuta, saa nzima ijizoeze.

FundiKaliua: Nani kakufundisha hayo? Kamshafti mpya kwenye injini kama hiyo 5K inataka mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 mfululizo. Silensa oili haiirukii vizuri.

DizeliDamu: Mimi nazungumzia dizeli, wewe unaleta 5K.

FundiKaliua: Dizeli ndiyo kabisa! Ringi za pistoni zinakaa kwa mzigo, si kwa silensa. Panda nayo Kasulu, usiibane sana.

DizeliDamu: Nipande mlima na injini ya jana? Ikinoki utalipa wewe?

Gungu_Boy: Mimi babu yangu alikuwa anaipigia resi mpaka majirani waje.

FundiKaliua: Na ilidumu?

Gungu_Boy: Aliiuza wiki hiyohiyo.