Naomba ushauri: Je, tuutaje ugonjwa tunapomkumbuka Profesa Wangari Maathai?

Katibu wa Tetu: Ndugu zangu, mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Tetu, Nyeri. Nimepewa jukumu la kuandika wasifu wa Profesa Wangari Maathai, mwanamazingira aliyeanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt, utakaosomwa tarehe 25 Septemba, siku aliyotutoka mwaka 2011 kwa saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke), akiwa na umri wa miaka 71. Wasikilizaji wengi watakuwa wanafunzi ambao hawakuwahi kumwona, ilhali viti vya mbele vitakaliwa na wazee waliompigia kura ya ubunge mwaka 2002. Baadhi ya wenzangu hawataki saratani itajwe, wakidai kwamba siku hiyo ni ya miti. Wengine wanataka itajwe, kisha muuguzi awahimize akina mama wakapimwe mlango wa kizazi. Lipi lina heshima zaidi?

Mjukuu wa Karura: Dada katibu, kabla ya kufika kwenye ugonjwa, nakusihi usianze na Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, maana kila hotuba huanzia hapo na maisha yote yakaonekana kama safari ya kwenda Oslo kuipokea. Anza na akina mama wa vitalu, ambao vuguvugu aliloanzisha mwaka 1977 liliwalipa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Ikiwa kijijini yuko bibi aliyeilea miche hiyo, azungumze kabla ya mgeni rasmi. Baadaye ndipo uwaeleze watoto jinsi alivyopinga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi mwaka 1989, akadhihakiwa hata bungeni, na jumba lenyewe halikujengwa.

Muuguzi Mstaafu: Itajeni saratani, kwa kuwa ilitangazwa wazi alipofariki na hamtakuwa mnafichua siri ya mtu. Sentensi moja au mbili zinatosha. Hata hivyo, msiwachanganye akina mama: kipimo cha mlango wa kizazi ni muhimu sana, lakini hakigundui saratani ya ovari, na mwanamke aliyepimwa akaambiwa yu salama asidhani amekingwa na zote mbili. Muuguzi wenu azungumzie pia tumbo kujaa gesi kila mara, kushiba upesi, maumivu ya nyonga na kwenda haja ndogo mara kwa mara, dalili ambazo wengi wetu huzidhania kuwa vidonda vya tumbo. Zikidumu kwa wiki kadhaa, mtu amwone daktari.

Mzee wa Othaya: Binti yangu, usiliache jeneza. Aliagiza asizikwe katika jeneza la mbao, na tarehe 8 Oktoba 2011 tulimuaga bustanini Uhuru akiwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji, kisha mwili ukachomwa katika tanuri la kuchomea maiti la Kariokor, Nairobi. Wazee wenzangu huenda wakaguna utakapofika kwenye kuchomwa. Waache wagune, ni wosia wake, na watoto watalielewa hilo kuliko hotuba nzima ya mazingira.

Katibu wa Tetu: Asanteni sana. Nitaanza na bibi wa kitalu, ugonjwa utatajwa kwa ufupi kabla ya jeneza, na mazungumzo ya afya yatafanyika baada ya kupanda miti, akina mama wakiwa peke yao. Mama muuguzi, ungekubali nisome maelezo yako kama ulivyoyaandika?

Muuguzi Mstaafu: Yasome, mwanangu, ila mwuguzi wa zahanati yenu ayapitie kwanza.