Ruta yapokea waya wa modemu lakini intaneti haipatikani (Shangani, Mtwara)

Mwalimu_Shangani
Habari za jioni, ndugu zangu. Nyumbani nina modemu niliyofungiwa na kampuni inayotuuzia intaneti, ila Wi-Fi yake inaishia sebuleni kwa sababu kuta zetu ni nene, na vyumba vya uani haivifikii kabisa. Nikanunua ruta iliyokwisha kutumika ili niiweke koridoni. Simu zote zinaunganishwa nayo, lakini zinaandika kwamba hakuna intaneti, ilhali nikiuchomoa waya huohuo na kuuchomeka kwenye kompyuta mpakato, intaneti inapatikana bila shida. Tena nikiandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari kompyuta ikiwa kwenye modemu, unafunguka ukurasa wa modemu; nikiandika namba hiyohiyo nikiwa kwenye ruta, unafunguka ukurasa wa ruta. Nimekwisha irudisha kwenye mipangilio ya kiwandani mara tatu. Mwenye duka alinieleza mapema kwamba mali ikishatoka haipokelewi tena.

Fundi_Mikindani
Pole, Mwalimu. Kwanza hakikisha waya unaotoka kwenye modemu umeingia tundu lililoandikwa WAN, yaani la kupokelea intaneti kutoka nje, ambalo kwa kawaida liko peke yake na mara nyingi lina rangi tofauti na mengine. Zitazame pia ncha za waya, kwani hewa ya chumvi ya huku pwani haina huruma na shaba.

Mama_Mtanda
Mimi niko Lindi, na yangu ilipona kwa kuzima modemu dakika tano na kuiwasha kabla ya ruta. Nilielezwa kwamba baadhi ya modemu hukikumbuka kifaa cha kwanza kilichounganishwa na kukikataa kingine mpaka zizimwe.

Mwalimu_Shangani
Ahsanteni. Waya uko kwenye WAN na ncha zake ni safi. Nimezima vyote viwili, nikala chakula cha usiku, nikawasha modemu kwanza. Hali ni ileile. Kwenye ukurasa wa ruta, upande wa WAN, naona 192.168.1.4.

Fundi_Mikindani
Hapo umetupa jibu. Aliyosema Mama Mtanda ni kweli kwa modemu tupu, ile inayokabidhi anwani ya kampuni moja kwa moja kwa kifaa kimoja. Yako imetoa anwani inayoanza na 192.168, ambayo ni ya matumizi ya ndani tu, maana yake nayo ni ruta, na vifaa vyako viwili vinatumia jina moja, 192.168.1.1. Ruta inapoelekezwa kwamba mizigo yote ya nje ipitie kwa 192.168.1.1, inajiona yenyewe ndiyo mpokeaji, na mzigo hauvuki mlango. Ni sawa na kumtuma Juma akamwite Juma. Ruta za siku hizi nyingi hugundua mgongano huu na kujibadilisha zenyewe. Za zamani hazigundui, na kila ukiirudisha kiwandani unairudishia jina lilelile.

Chomoa waya wa WAN, unganisha kompyuta kwenye tundu la LAN la ruta, yaani mojawapo ya yale ya vifaa vya ndani, fungua mipangilio ya LAN, badili anwani iwe 192.168.10.1 na uhifadhi. Ikishawaka upya, ukurasa wake utaufungua kwa namba hiyo mpya. Ndipo uurudishe waya.

Njia ya pili, ambayo binafsi ningeichagua kwa nyumba kama yako, ni kuipa ruta anwani 192.168.1.2, kuzima DHCP yake ili modemu pekee igawe anwani, kisha kuuhamishia waya wa modemu kwenye tundu la LAN na kuliacha la WAN wazi. Vifaa vyote vitakuwa mtandao mmoja.

Mwalimu_Shangani
Nimefuata njia ya kwanza kwa kuwa niliiona fupi, na simu ya uani imefungua ukurasa kabla sijakaa kitini. Limebaki moja: printa iliyounganishwa na modemu sebuleni, simu zilizo kwenye ruta haziioni.

Fundi_Mikindani
Haziwezi kuiona, Mwalimu, kwa sababu ruta imesimama katikati yake na simu, na utafutaji wa printa hauvuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Rudi kwenye ile njia ya pili.

Mwalimu_Shangani
Nimerudi. Printa imeonekana, na mtihani wa Kidato cha Pili unachapwa sasa hivi.