Fura ya Kihausa: madonge yananivunjikia majini

BintiWete:
Assalaam alaikum jamani. Nilisoma Khartoum, chumba kimoja na dada wa Kihausa kutoka Kano, Nigeria. Kila mfungo akitufuturisha kwa fura: madonge ya unga wa gero, yaani uwele, yenye tangawizi, pilipili manga na karafuu, yakavurugwa ndani ya maziwa ya mgando. Siku ya kwanza kuinywa nilinyamaza kimya. Ilinukia nyumbani, msimu wa karafuu, majamvi yameanikwa mpaka kando ya barabara. Nikamuuliza karafuu kwao waiitaje, akasema kanumfari. Kumbe neno ni lile lile la Kiarabu, moja limefika Pemba na jingine Kano.

Sasa babangu anaumwa, ugali haumshuki, anataka cha baridi. Jana nikanunua unga dukani, nikatia viungo, nikaukanda kwa maji baridi, nikafinyanga madonge na kuyatosa kwenye maji yanayochemka. Dakika kumi tu, nina sufuria ya uji mweusi. Nimekosea wapi?

MamaMkoani:
Wa alaikum salaam mwanangu, Mungu amponye baba. Uji mweusi? Basi umeuziwa ulezi, ule wa uji wa watoto. Uwele ni punje za kijivu, kubwa kuliko za ulezi. Waulize wanaoleta nafaka kutoka bara, Dodoma na Singida wanaulima. Nunua punje, unga usinunue. Uwele una mafuta, ukishasagwa siku chache tu huwa mchungu.

Mzee wa Chake:
Binti yangu, nimekaa Kano kwa biashara, fura nimeiona ikipikwa kwa macho yangu. Punje hurowekwa kidogo, zikatwangwa kutoa makapi, zikapepetwa, zikaoshwa na kuanikwa. Ndipo husagwa, na unga ukachekechwa uwe laini.

Uwele haunati kama ngano, kwa hiyo ukande kwa maji ya moto na uwe mgumu. Madonge yatose maji yakichemka kwelikweli, usikoroge, uyaache nusu saa.

Halafu kuna kazi ambayo wewe hukuitaja kabisa: kutwanga mara ya pili. Yatoe, yatie kinuni yangali moto, twanga mpaka unga uvutike na kung'ang'ania mchi. Fura ni hapo. Ukiruka hatua hiyo una madonge ya unga uliochemshwa. Ukimaliza finyanga upya, viringisha kwenye unga mkavu. Maziwa yake huitwa nono. Kule wanawake wa Kifulani huyauza wamejitwika vibuyu. Kwetu mtindi mzito unafaa.

MamaMkoani:
Na karafuu usizidishe, itamwasha mgonjwa ulimi.

BintiWete:
Mzee wangu, Mama, ahsanteni sana. Uwele nimeupata sokoni, punje kijivu kama Mama alivyosema. Kwa vikombe viwili vya unga nimetia karafuu sita tu, nikazisaga na pilipili manga. Madonge hayakuvunjika hata moja. Kutwanga ndiko kulikonishinda mwanzo, unga ulikuwa unakatika, nikawa naulainisha kwa maji yale yale ya kuchemshia, kijiko kimoja kimoja, mpaka ukavutika.

Baba amekunywa kikombe kizima, wiki nzima hajafanya hivyo. Amelamba midomo akauliza nani kamletea karafuu mbichi. Kesho anataka tena, punje nshaziroweka.