Ushauri tafadhali: mara ya kwanza kushikwa umekunywa kwenye usukani, sheria inasema nini?

Mwana wa Ruashi (Jumatatu 14 Julai, saa 2:10 usiku)

Wandugu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua sheria, na tujibizane kwa heshima.

Jumamosi usiku nilitoka Kamalondo narudi nyumbani Ruashi, hapa Lubumbashi. Nilikuwa nimekunywa bia za Simba tatu. Pale chaussée de Kasenga mvua ilikuwa imenyesha, gari ikateleza, kukatokea matatizo kidogo. Sasa gari iko kwa polisi, na karte roz (kadi ya gari) wameishika. Kuna karatasi ya wito, Jumatano saa tatu asubuhi mbele ya OPJ, yule ofisa wa polisi anayepeleleza kesi.

Swali langu ni moja tu: mtu ambaye hajawahi kushikwa hata siku moja, adhabu yake ni nini hapa Kongo? Ni faini, au wanafunga? Permi (leseni ya udereva) wanaichukua? Mimi ni dereva wa kampuni inayobeba mizigo ya migodi, kila asubuhi tunapulizishwa kwenye kipimo cha pombe kabla ya kupewa funguo. Permi ikienda, kazi imekwenda. Nina watoto 4. Tangu Jumamosi sijalala.

Bila Presha (2:19)

Tatu? Kila dereva aliyeshikwa alikunywa tatu. Siku hizi OPJ anaiandika hiyo tatu bila hata kuuliza.

Mtoto wa Kenya, Brussels (2:31)

Kaka, mimi ni wa komini ya Kenya hapo Lubumbashi, lakini huku Ubelgiji mpaka ni gramu 0.5 kwa lita ya damu. Mimi walinishika nikitoka kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki. Nilipuliza, nikawa nimepita kidogo, chini ya 0.8. Euro 179, na masaa 3 bila kugusa usukani. Nilikaa kituo cha basi na suti yangu, baridi inapita mpaka kwenye mifupa, mke wangu ananitazama bila kusema neno. Faini niliisahau, lakini yale masaa matatu sijayasahau. Tangu siku hiyo sherehe zote tunakwenda kwa treni. Ya kwetu siijui, pole sana.

Mama wa Katuba (2:44)

Mwanangu, mimi mambo ya faini sitakujibu. Kaka yangu alikufa kwenye njia ya Likasi, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha, chupa zikakutwa chini ya kiti. Watoto wake nimewalea mimi. Wananiuliza, "Mama, papa alikuwa mtu wa namna gani?" na kila mara natafuta la kusema. Wewe unalilia permi. Mshukuru Mungu kwanza kwamba umefika nyumbani, kisha hiyo pombe uiache.

Grefye Mstaafu (2:58)

Ndugu, nilikuwa grefye, yaani karani wa mahakama, miaka mingi, nitakujibu. Lakini umeandika "matatizo kidogo". Polisi hawabaki na gari kwa sababu imeteleza. Iligonga nini? Nani ameumia? Na wito huo una jina la nani? Umesema "kuna karatasi ya wito", hukusema "nimeitwa".

Mwana wa Ruashi (3:41)

Papa Grefye, sikutaka kurefusha. Gari iligusa manseba, dereva wa pikipiki ya abiria. Hakufa. Nasikia mguu umevunjika, yuko hospitali.

Watu walianza kujaa, na mnajua dereva akigonga mtu anavyofanywa. Nilitoka nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mdogo wangu akaenda kuangalia gari. Polisi walipofika wakamkuta yeye, wakauliza nani alikuwa anaendesha, akasema ni yeye. Mimi sikumtuma. Wito uko kwa jina lake.

Sasa mdogo wangu hanywi kabisa, kwa hiyo upande wake habari ya pombe haipo. Nilitaka tu kujua ipi nyepesi, kesi yangu yenye pombe au yake isiyo na pombe.

Mama wa Katuba (3:46)

Na permi, huyo mdogo anayo?

Mwana wa Ruashi (3:48)

Hana.

Grefye Mstaafu (4:05)

Basi umeshaongeza kosa juu ya kosa, na hata OPJ hamjamfikia.

Sikiliza. Sheria ya barabara ni nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kuendesha umelewa ni kosa humo, na kukimbia baada ya kugonga ni kosa lingine peke yake. Kama ingekuwa pombe tu, bila mtu kuumia, OPJ angeweza kukupendekezea faini ya kumaliza jambo. Hiyo inalipwa kwa hazina ya serikali na unapewa risiti. Ukilipa bila risiti, mbele ya sheria hujalipa kitu.

Lakini mtu ameumia, kwa hiyo tunaingia kwenye kode (sheria) ya adhabu, kifungu cha 52 mpaka cha 54. Kumuumiza mtu bila kukusudia ni siku 8 mpaka mwaka 1 wa kifungo na faini, au kimoja kati ya hivyo viwili. Akifa, ni miezi 3 mpaka miaka 2. Yaani kesi nzima iko kwenye mguu wa huyo manseba, na wewe bado unahesabu chupa.

Umeuliza kuhusu mara ya kwanza. Hapo sheria ina mlango, tunauita sursis. Mtu ambaye hajawahi kuhukumiwa kifungo, akipewa adhabu isiyozidi mwaka 1, hakimu anaweza kuamua isitekelezwe. Anarudi nyumbani, ila akianguka tena ndani ya muda aliowekewa, adhabu ile inamrudia. Huo mlango kila mtu ana wake. Ukimtanguliza mdogo wako, unapita kwenye mlango wake. Siku atakapokuwa na shida yake mwenyewe, ataukuta umefungwa.

Manseba wa Bel-Air (4:12)

Miye ni manseba. Ulisema gari "iligusa". Mutu muguu umevunjika, we unasema iligusa? Ile pikipiki pengine hata si yake. Kila magharibi anapeleka pesa kwa mwenye pikipiki, akikosa siku mbili tatu banapatia mwingine. Muke yake anapika nini leo? Ulienda kumuona? Ulilipa hata plasta?

Mwana wa Ruashi (4:27)

Sijaenda. Niliogopa.

Ndugu zangu, nimewasoma, lakini mjiweke mahali pangu. Mdogo wangu hana mke wala mtoto, anasoma chuo kikuu, UNILU. Mimi nikianguka, watu 9 wanaanguka pamoja nami, na yeye ni mmoja wao. Tangu baba afariki ni mimi ninayemlipia minerval (karo). Mwenyewe alisema, "Yaya, niache nikusaidie mara moja." Mtu akitaka kumsaidia kaka yake, ni dhambi? Na mambo tumeshayapanga, avoka (wakili) mmoja ametuambia itakwisha haraka.

Koti la Asubuhi (4:50)

Ngojeni kwanza. Rudini kwenye ujumbe wa kwanza. "Mvua ilikuwa imenyesha." Mwezi wa 7! Lubumbashi! Mimi naishi Kampemba, mwavuli niliufunga mwezi wa 4 na sijaufungua tena. Njiani ni vumbi tupu, asubuhi tunavaa makoti. Hii habari imetungwa na mtu aliye mbali, anatuchezea.

Bila Presha (4:53)

Mimi nilianza kushtuka kwenye zile tatu.

Mtoto wa Kenya, Brussels (4:55)

Na mimi nimemweleza mambo yangu yote ya ubatizo!

Mama wa Katuba (5:01)

Nilikuwa nimeshaanza kumwombea.

Manseba wa Bel-Air (5:04)

Kama ni bongo, ni uongo, basi hakuna manseba alivunjika, na miye ninamushukuru Mungu. Lakini huyu mutu, alipata wapi ile mambo ya mudogo wake? Mutu hatungi vile.

Mwana wa Ruashi (5:38)

Si ya kutunga. Uongo ni mvua peke yake.

Ni maneno niliyomwandikia mdogo wangu aende kumwambia OPJ: njia ilikuwa na maji, gari ikateleza, hakuna mwenye kosa. Tangu jana tunayarudia, mimi nauliza, yeye anajibu. Nilipokaa kuwaandikia ninyi yakatoka yenyewe, sikuona hata kama nimeyaandika. Njia ilikuwa kavu. Taa ya pikipiki ilikuwa inawaka, niliiona, nikadhani iko mbali. Na Simba zilikuwa sita.

Koti la Asubuhi (5:44)

Kaka, mimi nauza makala (makaa ya kupikia), si polisi. Mvua yako nimeikamata nikiwa kitandani na simu. OPJ ataikamata kabla mdogo wako hajaketi.

Grefye Mstaafu (5:52)

Mdogo ameshatia saini kwenye PV, ile karatasi ya maelezo ya polisi?

Mwana wa Ruashi (5:53)

Bado. Jumamosi waliandika jina na namba ya simu tu.

Grefye Mstaafu (6:06)

Afadhali. Usingoje Jumatano. Tafuta avoka mwingine, huyo aliyebariki mpango wa mvua muache. Nendeni kesho, wewe, mdogo na avoka. Mdogo aseme mwenyewe kwamba alisema vile kwa kukuogopea. Wewe useme uliyotuambia sasa hivi, na zile sita uziseme.

Wanaweza kukubakisha, sikufichi. Kifungu cha 18 cha katiba kinasema isizidi masaa 48, kisha waachilie au wakupeleke mbele ya mwenye mamlaka wa sheria. Una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, na ya kuwasiliana na familia na avoka. Waambie nyumbani mapema, wasije wakazunguka usiku wanakutafuta. Na kazini waambie kabla hawajasikia kwa wengine.

Mama wa Katuba (6:10)

Huyo mtoto wa UNILU yuko wapi sasa?

Mwana wa Ruashi (6:31)

Yuko hapa. Nilimpa simu, amesoma yote kuanzia juu. Hakusema kitu. Alichukua ile karatasi ya maneno ya mvua akaitia kwenye mbabula (jiko la makaa), akaniambia niende kulala.

Manseba, naomba uulize wenzako huyo mtu yuko hospitali gani. Nataka nifike kwake kabla ya kwenda kwa OPJ.

Manseba wa Bel-Air (6:35)

Nitauliza ku parking asubuhi, saa kumi na mbili tunakuwa wote. Usiende peke yako, bandugu zake banaweza kukasirika. Nitakungojea, tutaenda wawili. Kuya na pesa ya plasta.