Mwalimu wa piano anamlaza mwanangu chini na kitabu tumboni. Naliwa?

MamaWaRau: Habari za jioni. Niko Moshi, Rau. Binti yangu wa miaka 9 nimemtafutia mwalimu wa piano na sauti, anafundishia kwake kila Jumamosi, dakika 45. Hii ni wiki ya 4. Nikimuuliza mtoto leo mmefanya nini, jibu ni lilelile: tumepiga makofi, tumeimba, nimelala chali na kitabu tumboni. Kinanda chenyewe anakigusa mwishoni kabisa. Baba yake ananicheka eti nalipia mtoto akalale. Mnaojua muziki, hivi ndivyo inavyofundishwa au naliwa hela?

Kijana_Pasua: Unaliwa dada. Mimi nimejifunza YouTube miezi 3, sasa hivi napiga ibada nzima. Mnunulie kibodi umwache nayo.

KinandaChaMiguu: Mama pole na wasiwasi. Mwalimu wa binti yako siye mimi, ila na mimi wanafunzi wangu nawalaza chini, kwa hiyo kesi hii inanihusu.

Nimekulia Marangu. Baba alifundisha kwaya. Noti aliziandika ubaoni kwa chaki, d r m (do, re, mi), na juu kabisa "Do ni G", yaani do iimbwe kwenye noti ya G. Tuliimba hiyo sol-fa mpaka iingie, maneno ya wimbo yalikuja baadaye. Kinanda chetu kilikuwa kile cha kukanyaga, na miguu yangu haikufika, basi kaka alikanyaga mimi nikabonyeza. Nilipokwenda chuo cha Makumira kusoma muziki nikajiona mtaalamu. Wakaniwekea noti za mistari mitano, nikatoa macho kama sijawahi kuingia darasani! Masikio yalishasoma, macho bado. Lakini nilipozijua, nikagundua nina kitu ambacho wenzangu wengi walikuwa bado wanakitafuta: nikiiona noti naisikia kabla sijaibonyeza.

Piano inadanganya. Ukibonyeza, sauti inatoka safi hata kama hujui ulichokuwa unakitaka. Koo halina vitufe. Usiposikia kichwani kwanza, utatoa sauti ya ajabu na kila mtu atageuka. Ndiyo maana kwangu mtoto anaimba mstari, anapiga mdundo kwa makofi, kisha vidole vinakwenda kutafuta kitu anachokijua tayari.

Na kitabu: mwambie mtoto aliyesimama "vuta pumzi", atapandisha mabega. Akilala chali, tumbo ndilo linalofanya kazi, na anakiona kitabu kikipanda na kushuka. Mimi natumia kaunta buku, linatosha.

Mwalimu wangu wa kwanza wa piano alinichapa vidole kwa rula. Mpaka leo nikikosea kwa kidole cha 4 (cha pete), bega linaruka lenyewe. Binti yako akirudi anasimulia makofi na kulala, huyo hajaogopeshwa.

Ila ikifika wiki ya 8 hana hata kawimbo ka noti tano ka kukupigia sebuleni, hapo muulize mwalimu bila aibu. Na nyumbani apate pa kufanyia mazoezi. Kibodi ya vitufe 61 inatosha kuanzia, msihangaike na 88 za piano kamili, mradi akibonyeza taratibu sauti iwe ndogo na akibonyeza kwa nguvu iwe kubwa.

Kijana, hongera kwa ibada. Swali dogo tu: mama mmoja akianzisha pambio kwenye ufunguo usiouzoea, yaani do yake iko noti nyingine, unafanyaje? Unabonyeza transpozi, kile kitufe cha kuhamisha ufunguo?

Kijana_Pasua: 😂😂 Mwalimu umenishika pabaya. Unachukua watu wazima?

KinandaChaMiguu: Nachukua. Njoo na kaunta buku.

MamaWaRau: Asante sana mwalimu. Jana nimemkuta jikoni anaimba so-so-la-so, vidole vinatembea juu ya meza. Nikadhani ni mchezo, kumbe ndiyo mazoezi yenyewe. Nimemsomea baba yake jibu lako, akalala kwenye zulia na kitabu ajaribu. Mabega yanapanda.