Kaka kapatikana na madini ya risasi (lead) kwenye damu, tunaweza kudai fidia?

bintiwapwani: Wadau hamjambo, kakangu kafanya kazi miaka kwa karakana moja ya kuyeyusha betri kuukuu za magari huku Mombasa, hakupewa glavu wala maski, sasa tumbo lamsokota na mikono yatetemeka, kupimwa damu ina risasi. Bosi asema si shauri lake. Tuanzie wapi?

fundi_chuma: Pole sana dada. Sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, inafidia hata magonjwa ya kazini, ripotini DOSH, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, na msingoje maana dai huwekwa ndani ya miezi 12. Karatasi ya kipimo cha damu itunzeni sana, bosi atakana kila kitu lakini si hiyo.

MamaZ: Na watoto nyumbani wapimwe!! Vumbi huja na nguo za kazi. Owino Uhuru, mtaa wa hapo Mombasa uliochafuliwa na risasi, wengi walikuwa majirani tu wa kiwanda cha kuyeyusha betri, wakashtaki, 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikafuta 2023, Mahakama ya Juu ikarudisha Desemba 2024, na watu walikuwa wakiugua muda wote huo, yaniuma mpaka leo.

bintiwapwani: Shukran nyote, kesho twaenda kuitisha ripoti ya daktari na watoto nawabeba.